Wimbo Uliorushwa Uandikwe: Leseni za Televisheni na Jasho la Msanii

Mhadhara kwa wakazi wa Songo Mnara, Wilaya ya Kilwa



Leo nataka tuzungumze juu ya fedha na nyimbo. Kituo cha televisheni kinapopata ruhusa ya kurusha muziki, kinamlipa nani? Kinalipa kwa utaratibu gani? Na fedha hiyo inapita wapi mpaka imfikie mtu aliyekaa usiku akatunga maneno na sauti? Yuko atakayesema hayo ni mambo ya Dar es Salaam, kwenye studio na minara ya matangazo. Mimi naona watu wa kisiwa hiki wana sababu zao wenyewe za kuyajua.

Sababu ya kwanza imo katika ardhi hii. Wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, waliofanya uchimbaji katika magofu ya Songo Mnara kuanzia 2009, walikuta katika nyumba moja sarafu za shaba zaidi ya 300 zilizofukiwa pamoja. Sarafu za Kilwa zina jina la sultani upande mmoja, na upande wa pili zina maneno ya kumtegemea Mungu yanayolingana kwa vina na jina lile. Wazee wa pwani hii walipopiga chapa fedha, waliitia vina. Jina la sultani tunalisoma mpaka leo kwa kuwa liliandikwa. Jina la mtunzi wa vina halikuandikwa, na hakuna anayeweza kumtaja.

Sababu ya pili ni kwamba kamera zinakuja. Songo Mnara pamoja na Kilwa Kisiwani ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 zikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2014 zikatolewa humo baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Mahali penye jina kama hilo hupigwa picha, na picha za magofu hazirushwi kimya. Chini yake huwekwa muziki: dufu, ngoma, au wimbo wa kijana aliyeurekodi Kilwa Masoko. Muziki huo una wenyewe.

Wimbo mmoja, wenye haki wengi

Tuanze na sheria. Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA. Kwa sheria hizi, kurusha wimbo hewani ni haki ya mwenye wimbo. Mwingine akitaka kuurusha, ataomba ruhusa na atalipa.

Mwenye wimbo ni nani? Hapo vijana wengi huteleza. Wimbo mmoja una watu kadhaa ndani yake. Yuko aliyetunga maneno, na yuko aliyetunga sauti. Hao wana hakimiliki. Yuko aliyeimba, wako waliopiga gitaa na ngoma, na yuko aliyegharimia rekodi. Hao wana hakishiriki. Mtu mmoja anaweza kushika nafasi zote, lakini mara nyingi ni watu watano au sita, na kila mmoja ana fungu lake. Ukiuza nakala ya wimbo kwa rafiki, hujamuuzia haki ya kuurusha. Prodyuza akikupa biti bila mkataba, mmepanda ugomvi utakaokuja kuota siku fedha itakapoingia.

Haki hizi zina umri. Hakimiliki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mbaraka Mwinshehe, fundi wa gitaa wa Morogoro, alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa mwaka 1979. Kwa hiyo haki katika tungo zake ni za warithi wake hadi mwaka 2029. Marijani Rajabu alifariki 1995, na Remmy Ongala akafariki 2010. Hesabuni wenyewe. Televisheni inapofungulia kipindi cha zilipendwa kwa wimbo wa mmoja wa hawa, mtunzi yuko kaburini lakini deni liko hai, na mdai wake ni mjane, mtoto au mjukuu.

Jambo hili ni zito kwetu kwa sababu ya historia ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa miaka mingi, bendi za dansi zilirekodi katika studio ya redio ya taifa, kwa kuwa studio nyingine hazikuwapo nchini. Kanda zile ni hazina, na zimebaki katika maktaba ya shirika la utangazaji la taifa. Kuhifadhi kanda ni kazi ya heshima. Hata hivyo, kushika kanda na kumiliki utungo ni mambo mawili, na kizazi kinachotumia hazina ile leo kina wajibu wa kuwatafuta warithi.

Leseni za namna tatu

Kituo cha televisheni kinaweza kurusha mamia ya nyimbo kwa siku. Hakiwezi kumpigia simu kila mtunzi. Ndiyo maana watunzi duniani kote waliunda taasisi za kuwasimamia kwa pamoja. Wafaransa walitangulia. Mwaka 1847, jijini Paris, mtunzi Ernest Bourget na wenzake walisikia nyimbo zao zikipigwa katika mkahawa, wakakataa kulipia vinywaji mpaka mwenye mkahawa naye awalipe. Mahakama iliwapa haki, na mwaka 1851 ikazaliwa SACEM, chama cha watunzi ambacho kipo hadi leo.

Kwetu kazi hiyo ilikabidhiwa taasisi ya hakimiliki, COSOTA, chini ya sheria ya 1999. Tangu mageuzi ya mwaka 2022, COSOTA ni Ofisi ya Hakimiliki, yaani msimamizi na mdhibiti, na kazi ya kukusanya na kugawa mirabaha imepelekwa kwa taasisi za wenye haki wenyewe. Upande wa muziki iko TAMRISO. Mwaka 2023 ikaongezwa tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vinavyotumika kurekodi na kunakili kazi za sanaa. Tusizichanganye: tozo ya vifaa ni mfuko mmoja, na leseni ya kituo cha televisheni ni mfuko mwingine. Kulipwa kwa mmoja hakufuti deni la mwingine.

Leseni yenyewe ina namna tatu kuu. Ya kwanza ni leseni ya jumla. Kituo kinalipa kiasi kimoja kwa mwaka, kisha kinaruhusiwa kurusha nyimbo zote za watunzi waliomo katika taasisi, pamoja na za watunzi wa nje ambao vyama vyao vina makubaliano na taasisi yetu. Bei hupangwa kwa kutazama mambo kama mapato ya kituo, ukubwa wa eneo kinalofikia na wingi wa muziki katika vipindi vyake.

Ya pili ni leseni ya kipindi kwa kipindi. Kituo chenye habari na mijadala mingi kinalipia vile vipindi tu vyenye muziki wa taasisi. Ni nafuu, lakini inadai uandishi wa makini: kipindi gani, wimbo gani, dakika ngapi. Nchini Marekani vituo vya televisheni vimekuwa na haki ya kuchagua namna hii tangu mwaka 1950, na vituo vya mikoani huko huungana katika kamati moja kujadili bei, kwa sababu kituo kidogo kikienda peke yake hakina nguvu.

Ya tatu ni makubaliano ya ana kwa ana: kituo kinakaa na mwenye wimbo, wanaandikiana, kinamlipa. Namna hii inafaa kwa muziki wa kufungulia kipindi au wa tamthilia.

Kuna mipaka miwili ambayo ni vyema tuijue. Leseni ya kurusha haimpi mtu ruhusa ya kuuchukua wimbo na kuubandika kwenye picha za tangazo la sabuni au la chama cha siasa. Huko ni kuunganisha wimbo na kazi mpya, na mwenyewe ana haki ya kukubali, kukataa au kutaja bei yake. Aidha, leseni ya kituo inaishia kwa mtazamaji wa nyumbani. Hoteli, baa, basi la abiria au kibanda umiza kinachotoza kiingilio kinatakiwa kuwa na leseni yake, kwa kuwa nacho kinautumia muziki mbele ya umma.

Hesabu iliyofichika

Sasa nafika kwenye jambo lililonileta. Watu wengi wanapozungumzia haki za wanamuziki husema, “Vituo vilipe.” Ni kweli, vilipe. Lakini kulipa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni orodha ya nyimbo zilizorushwa, ambayo watu wa vituo huiita logi. Pasipo orodha, fedha inaweza kulipwa yote na haki isipatikane.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kituo kimelipa leseni ya shilingi milioni 10 kwa mwaka. Taasisi inatoa milioni 3 za gharama za kazi, zinabaki milioni 7 za kugawa. Tuseme kituo kilirusha dakika 70,000 za muziki kwa mwaka. Kila dakika inastahili shilingi 100. Binti wa Kilwa ana wimbo wa dakika tatu, ukapigwa mara 40. Hizo ni dakika 120, naye anastahili shilingi 12,000 kutoka kituo hicho kimoja. Si fedha nyingi, lakini ni yake, na vituo viko vingi.

Sasa tuseme kituo kiliandika dakika 20,000 tu kati ya zile 70,000. Nyimbo zilizoandikwa ni zile ambazo kila mtu anazijua, za majina makubwa. Zile nyingine zilipigwa usiku, au zilipita chini ya picha, au mrushaji hakujua jina la msanii. Milioni 7 ziko palepale. Zinagawanywa kwa dakika 20,000, na kila dakika iliyoandikwa inapata shilingi 350. Binti wa Kilwa anapata sifuri.

Naomba tuitazame hesabu hiyo kwa utulivu. Shilingi 12,000 za yule binti hazikupotea. Zimelipwa na kituo, zimepokelewa na taasisi, zimegawiwa, na vitabu vimefungwa vizuri. Zimeingia katika mfuko wa mtu mwingine ambaye hakuziiba wala hana habari kwamba ni za mwenzake. Kila wimbo usioandikwa unaongeza fungu la ulioandikwa. Kwa utaratibu huo msanii mdogo anamlipa msanii mkubwa kila siku ya mwaka, bila hata mmoja wao kujua.

Watu wa Kilwa mnaelewa jambo hili kuliko wengi. Tangu mwaka 2004 gesi ya Songo Songo inatoka wilayani mwetu, inapita kwenye bomba hadi Dar es Salaam na kufua umeme. Hakuna anayekisia ni kiasi gani kimepita. Mita inasoma, na kila anayedai chake, iwe serikali au mwekezaji, anadai kwa mujibu wa mita. Bomba la nyimbo nalo linapita mchana na usiku, na sehemu yake kubwa haina mita. Logi ndiyo mita ya msanii.

Mwaka 1941 walipofunga milango

Tusidhani tatizo hili ni la nchi maskini. Marekani walilipitia. Chama chao cha kwanza cha watunzi, ASCAP, kilianzishwa 1914. Redio zilipokua, chama kikataka bei ya juu, nazo redio zikakataa. Mwaka 1939 wenye vituo wakaanzisha chama chao, BMI, na tarehe 1 Januari 1941 vituo vikubwa vikaacha kurusha nyimbo za ASCAP. Kwa karibu miezi kumi, vilipiga nyimbo za BMI na nyimbo za kale ambazo umri wa haki zake ulikuwa umekwisha, kama zile za Stephen Foster, aliyeishi karne ya 19. Mwishowe ASCAP ilikubali bei ya chini kuliko iliyodai.

Watu wengi husimulia kisa hicho kama vita vya bei. Kwangu somo lake liko kwingine. ASCAP ilikuwa ikigawa fedha kwa kuhesabu hasa nyimbo zilizopigwa moja kwa moja katika mitandao mikubwa ya redio. Muziki wa Weusi na wa watu wa mashamba, uliokuwa ukipigwa kwa santuri kwenye redio za mikoani, haukuhesabiwa sawasawa, na watunzi wake wengi hawakupokelewa chamani. BMI ilipofungua mlango, watunzi hao ndio walioingia. Walikuwa wakitunga siku zote, na watu walikuwa wakiwasikiliza siku zote. Kilichobadilika ni kwamba sasa walihesabiwa.

Kwetu inasikika hoja nyingine: “Sisi tunamtangaza msanii, bila sisi nani angemjua?” Hoja hiyo ina sehemu ya ukweli. Kijana akionekana kwenye televisheni anaalikwa harusini na kwenye matamasha. Wako hata wanaotoa fedha mfukoni ili wimbo wao upigwe. Lakini kituo hakirushi muziki kwa hisani. Kinarusha kwa kuwa muziki unashika watazamaji, na watazamaji ndio wanaoleta matangazo ya biashara. Mwenye kamera analipwa, mtangazaji analipwa, umeme unalipwa. Haiwezekani anayeshika watazamaji awe peke yake wa kuambiwa kwamba malipo yake ni sifa. Na anayelipa ili apigwe ameshageuziwa sheria juu chini.

Dalili za heri zipo. Januari 2022 nchi yetu ilishuhudia mgao wa mirabaha wa zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wasanii zaidi ya 1,000. Ukitazama ukubwa wa sekta ya utangazaji, fedha hiyo ni kidogo. Lakini ilionyesha kwamba njia ya kutoka kituoni hadi kwa msanii inaweza kupitika. Kazi iliyobaki ni kuipanua na kuhakikisha kila mwenye haki anaipata njia hiyo.

Ngoma za jamii

Mtaniuliza: na ngoma zetu? Dufu la maulidi, ngoma za unyago, nyimbo za wavuvi na za kutwanga hazina mtunzi mmoja. Sheria ya 1999 haikuzisahau. Inalinda sanaa za jadi, na inataka anayezitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili apate kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Inataka pia chanzo kitajwe: ni ya watu gani na ya mahali gani.

Kwa hiyo kikundi cha ngoma kikirekodiwa hapa kwa ajili ya kipindi cha televisheni, kuna mambo mawili. Ngoma yenyewe ni ya jamii na italindwa kwa utaratibu huo. Lakini wachezaji na wapigaji wa siku ile ni wasanii wenye haki katika onyesho lao. Wana haki ya kuulizwa kabla ya kurekodiwa na kutajwa kwa majina. Na kama kuna ngoma ya ndani ambayo mila hairuhusu ionwe na umma, hakuna leseni wala fedha inayoweza kuwalazimisha. Neno la mwisho ni lenu.

Nini kifanyike

Napenda niseme wazi kila mmoja afanye nini.

Kwa wasanii: sajilini kazi zenu na mjiunge na taasisi inayokusanya mirabaha. Siku mnayomaliza kurekodi, kabla ya kutoka studio, andikeni karatasi moja: jina la wimbo, waliotunga, walioimba, waliopiga vyombo, aliyegharimia, na kila mmoja ana asilimia ngapi. Wote watie saini. Siku hizi kuna mitambo inayotambua wimbo hewani yenyewe, bila mtu kuandika, lakini hutambua rekodi ile tu iliyokwisha kuingizwa katika kumbukumbu zake. Wimbo usiosajiliwa, hata mtambo hauusikii.

Kwa vituo vya televisheni, vikubwa na vya mikoani: lipeni leseni, na logi ihesabiwe kuwa sehemu ya malipo. Andikeni wimbo ulio mbele na ulio chini ya picha, wa mchana na wa usiku, wa msanii maarufu na wa msanii ambaye jina lake mmelisikia leo kwa mara ya kwanza. Anayeleta video kituoni aulizwe jina la mtunzi kama anavyoulizwa jina la mwimbaji.

Kwa taasisi za mirabaha na kwa Ofisi ya Hakimiliki: tangazeni hesabu kwa lugha ambayo mvuvi wa Pande anaielewa. Kituo gani kimelipa, kiasi gani, gharama zimechukua ngapi, zimegawiwa kwa nyimbo zipi. Fedha ambayo mwenyewe hajajulikana itunzwe na atafutwe. Isigawanywe haraka kwa waliojulikana. Na afisa asikae Dar es Salaam kungoja watu wavuke bahari. Siku ya usajili ifanyike Kilwa, ifanyike Lindi, ifanyike visiwani.

Kwa Halmashauri yetu na viongozi wa kijiji: wageni wa kamera wakija, pamoja na vibali vya kupiga picha magofu, waulizwe na la muziki. Kiwepo kitabu cha kijiji chenye tarehe, jina la kituo, ngoma iliyorekodiwa na majina ya walioicheza. Kitabu hicho hakihitaji bajeti. Kinahitaji kalamu na mtu mwaminifu.

Ndugu zangu, ninalolidai ni dogo na linawezekana. Kila wimbo unaorushwa uandikwe, na kila aliyeandikwa alipwe. Msanii wa Songo Mnara asiombe msaada wala huruma, adai hesabu. Kijana atakayetoka hapa leo akaandika karatasi ya mgawanyo wa wimbo wake kabla ya kulala, huyo atakuwa ameuelewa mhadhara huu.

 Sasa nawakaribisha wazee na vijana mniulize, na mnikosoe.